Ardhi Isiyouzwa: Historia Fupi ya Milki ya Cornwall, Tangu 1337

Tarehe 17 Machi 1337, wakati wa kikao cha Bunge huko Westminster, Mfalme Edward III alitoa hati iliyompa mwanawe kifungua mimba cheo ambacho hakikuwahi kupewa mtu yeyote nchini Uingereza. Mtoto huyo, Edward wa Woodstock, alikuwa na umri wa miaka 6. Kuanzia siku hiyo akawa Duke wa Cornwall, na pamoja na jina hilo akapewa mashamba, ngome, bandari na mapato ya migodi ya rasi nzima ya kusini-magharibi. Machi 2037 hati hiyo itatimiza miaka 700. Ingali inatumika, mapato yake yangali yanaingia, na ardhi kadhaa zilizotajwa ndani yake zingali mikononi mwa mrithi wa kiti cha enzi. Ni taasisi chache sana za Ulaya zinazoweza kuonyesha umri kama huo bila kubadili jina, na ndiyo maana historia yake inastahili kusimuliwa kabla ya sherehe kufika.

Kwa nini Uingereza ilichelewa hivyo kupata duke? Bara la Ulaya lilikuwa nao tangu zamani. Mwishoni mwa Dola la Roma walikuwa makamanda wa majeshi ya mipakani. Dola lilipoanguka, makamanda na wakuu wa makabila wakageuka watawala, na kufikia karne ya 10 duke wa Bavaria, wa Saksonia au wa Aquitaine alikuwa karibu sawa na mfalme katika nchi yake. William, aliyeivuka bahari na kuiteka Uingereza mwaka 1066, alikuwa mmoja wao, Duke wa Normandy. Alipovaa taji hakuwagawia wafuasi wake cheo hicho. Yeye na warithi wake walikishika wenyewe kwa ajili ya nchi zao za ng'ambo, na kama maduke walilazimika kupiga magoti mbele ya mfalme wa Ufaransa. Ndani ya Uingereza kwenyewe, mkubwa kuliko wote baada ya mfalme alikuwa earl, na mambo yakakaa hivyo kwa miaka 271.

Edward III aliuvunja mwiko huo kwa sababu za wazi. Ndugu yake John wa Eltham, Earl wa Cornwall, alifariki mwaka 1336 bila mtoto, na mashamba yake yakarudi kwa mfalme. Vita na Ufaransa vilikuwa vinanukia. Miezi miwili tu baada ya hati kutolewa, Mfalme Philip VI alitangaza kumnyang'anya Edward nchi za Aquitaine. Mfalme aliyekuwa akijiandaa kwa vita alihitaji mabwana waaminifu, na katika Bunge hilohilo aliwatawaza maearl sita wapya. Mwanawe hakuweza kubaki chini yao wala sawa nao. Alihitaji cheo kilicho juu zaidi, na alihitaji kitu chenye uzito kuliko cheo, yaani mapato yake mwenyewe yatakayolisha nyumba yake na askari wake bila kugusa mfuko wa baba.

Mashamba 17 ya kikabaila katika Cornwall ndiyo yaliyokuwa moyo wa milki. Kulikuwa pia na ngome za Launceston, Restormel, Trematon na Tintagel, nyika ya Dartmoor katika jimbo la Devon, ngome za Wallingford na Berkhamsted karibu na London, na shamba la Kennington upande wa kusini wa mto Thames. Kila baada ya miaka 7 maofisa wa duke waliyazunguka mashamba yale ya Cornwall na kuyapangisha upya. Mpangaji aliyetaka kuendelea alijitokeza mbele yao, akakubaliana kodi na kulipa ada ya kuingia. Nauona utaratibu huo kuwa wa kisasa kushinda wakati wake: wakati sehemu kubwa ya Uingereza bado ilimfunga mkulima kwenye ardhi ya bwana kwa utumishi, wengi wa wapangaji hawa walifuata mkataba wenye muda maalumu na kiasi kinachojulikana.

Utajiri wenyewe hasa ulikuwa chini ya ardhi. Cornwall ni nchi ya stani, ile metali inayochanganywa na shaba kupata bronzi, na wachimbaji wake walikuwa wakiitoa tangu kabla ya Warumi. Mfalme John aliwapa mwaka 1201 hati ya uhuru wao: wangeweza kuchimba na kugeuza mkondo wa maji, na wangeshtakiwa katika mahakama zao wenyewe. Baadaye walikuwa hata na bunge lao, lililokutana mara ya mwisho katikati ya karne ya 18. Malipo ya uhuru huo yalikuwa ushuru. Stani yote iliyoyeyushwa ilipelekwa katika miji maalumu, kama Lostwithiel, Bodmin, Liskeard, Truro na Helston. Huko ofisa wa duke aliukata kila mkuo pembeni, akakipima kile kipande kujua ubora wake, akaupima mkuo mzima uzito, kisha akaugonga muhuri. Mkuo usio na muhuri haukuruhusiwa kuuzwa. Lostwithiel ilijengewa jumba kubwa la mawe kwa kazi hiyo, na sehemu yake imesimama hadi leo. Ushuru wa stani ulikuwa miongoni mwa nguzo kuu za mapato ya duke, na ulidumu kwa miaka mia tano na moja, mpaka Bunge lilipoufuta mwaka 1838 na kuilipa milki fidia ya kila mwaka.

Lakini kilichoifanya taasisi hii idumu ni sharti lililoandikwa katika hati yenyewe. Milki ilitolewa kwa mwana wa kwanza wa mfalme aliye pia mrithi wa kiti. Akizaliwa mwana wa namna hiyo, ni duke papo hapo, bila sherehe wala tangazo. Akiwa mfalme, cheo kinahamia kwa mwanawe wa kwanza dakika ileile. Kama mwana hayupo, milki inarudi kwa mfalme na kumsubiri mtoto ajaye. Duke hana ruhusa ya kuuza shina la mali. Anakula matunda tu. Msomaji wa pwani yetu anayeijua nyumba ya wakfu, ambayo kodi yake inalisha kizazi baada ya kizazi huku hakuna mrithi awezaye kuinadi, ataelewa mara moja mantiki iliyowaongoza waandishi wa Edward III.

Duke wa kwanza aliutumia utajiri wake vitani. Akiwa na miaka 16 alipigana Crécy mwaka 1346, na miaka 10 baadaye, huko Poitiers, jeshi lake lilimteka Mfalme John II wa Ufaransa. Vizazi vya baadaye vilimwita Mwanamfalme Mweusi. Maofisa wake waliacha daftari za barua na amri, na ndani yake sura ya shujaa inapungua na sura ya mwenye mali inaonekana: amri za kukarabati ngome, malalamiko ya wapangaji, misamaha ya kodi. Tauni kuu ilipofika mwaka 1348 migodi ilikosa watu na mashamba yakabaki bila wapangaji. Kwangu mimi daftari hizo ni hazina kubwa kuliko upanga wowote wa Poitiers, kwa kuwa ndimo mkulima wa Cornwall wa karne ya 14 anamotajwa kwa jina lake na kwa shida yake.

Mwanamfalme huyo hakutawala. Alifariki Juni 1376, mwaka mmoja kabla ya baba yake, na akazikwa katika kanisa kuu la Canterbury. Hapo hati ilikutana na mtihani wake wa kwanza: mwanawe Richard alikuwa mrithi wa kiti, lakini alikuwa mjukuu wa mfalme, si mwana. Cheo hakikumwangukia chenyewe. Ilibidi apewe kwa hati mpya. Jambo hilohilo lilimkuta George III karne nne baadaye. Baba yake Frederick alifariki mwaka 1751 kabla ya kutawala, na George, ambaye alikuwa mjukuu, hakuwahi kuwa Duke wa Cornwall.

Mlango uliofunguliwa mwaka 1337 ulipitiwa na wengine. Henry wa Grosmont alifanywa Duke wa Lancaster mwaka 1351, kisha wana wengine wa Edward III wakafuata, na Richard II alipowatawaza maduke watano kwa mkupuo mmoja mwaka 1397 wengi waliona cheo kimeshushwa thamani. Waliokipata walikipata kwa hatari. Duke wa nne wa Norfolk alikatwa kichwa mwaka 1572 kwa kula njama dhidi ya Malkia Elizabeth I, na baada yake malkia hakumtawaza mwingine. Kwa kuwa hakuwa na mtoto, hata Cornwall haikuwa na mwenyewe. Maduke wa vita na njama walikatika hivyo, wengine kwa shoka, wengine kwa kukosa uzao; milki ya Cornwall ilikuwa imerudi tu kwa mwenye taji, ikisubiri.

Si kwamba haikuguswa. Henry VIII aliichukua Wallingford mwaka 1540 na kuibadilisha kwa mashamba yaliyokuwa ya watawa wa Cornwall, na kwa hilo alipitia Bungeni. Elizabeth aliuza baadhi ya mashamba bila kuwa na mrithi wa kumzuia. James I alipoingia madarakani na kumleta mwanawe Henry Frederick, kesi ilifunguliwa, na mwaka 1606 mahakama ikatoa hukumu ambayo hadi leo ndiyo msingi wa kisheria wa milki: hati ya 1337 ilitolewa kwa mamlaka ya Bunge, kwa hiyo ina nguvu ya sheria iliyotungwa na Bunge, na mali iliyotajwa humo haiwezi kutenganishwa na cheo ila kwa sheria nyingine ya Bunge. Ukuta huo ulibomolewa mara moja tu. Baada ya Charles I kukatwa kichwa mwaka 1649, serikali ya jamhuri iliuza ardhi za milki. Ufalme uliporejea mwaka 1660, ardhi nazo zikarejea.

Karne ya 18 haina mengi ya kutamba. Maduke walikaa London, wakatumia mapato, na mashamba yakapangishwa kwa muda mrefu kwa bei ndogo. Lililobaki kuonekana ni mji wa Princetown juu ya nyika ya Dartmoor, ulioanzishwa na Thomas Tyrwhitt, rafiki na mtumishi wa mwanamfalme aliyekuja kuwa George IV. Huko lilijengwa gereza la mawe, lililopokea mateka wa vita wa Kifaransa mwaka 1809. Likaja kuwa gereza la wafungwa wa kawaida, Serikali ikiendelea kulikodi kutoka kwa milki, hadi mwaka 2024 walipoondolewa wote kwa sababu ya gesi ya radoni inayotoka kwenye miamba.

Aliyeiokoa milki kutoka katika uzembe huo hakuwa duke. Alikuwa Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, aliyeshika hesabu kwa niaba ya mwanawe aliyezaliwa Novemba 1841. Alikagua mikataba, akaondoa vyeo visivyo na kazi, akasimamia mashamba kwa karibu, na akiba ikakua kiasi kwamba mwaka 1862 kijana huyo alinunuliwa nyumba na shamba la Sandringham. Kennington nako, mahali ambapo Mwanamfalme Mweusi alikuwa na kasri lake, mji wa London ulikuwa umefika. Mwaka 1845 uwanja wa bustani za mboga ulikodishwa kwa ajili ya kriketi. Ndio The Oval, unaojulikana na kila mpenzi wa mchezo huo, na ardhi yake bado ni ya duke. Nyumba za wapangaji zilizojengwa jirani, Courtenay Square, kabla tu ya Vita Kuu ya Kwanza, ni miongoni mwa makazi ya kupendeza zaidi ya mitaa ya wafanyakazi wa London.

Duke wa wakati huo alikuwa Edward, aliyekuja kuwindia Afrika Mashariki mwaka 1928 na 1930, na ambaye cheo chake kingine, Mwanamfalme wa Wales, kilipewa shule ya Kabete ambayo leo ni Nairobi School. Alipotawala Januari 1936 hakuwa na mtoto. Alipojiuzulu Desemba mwaka huohuo, ndugu yake George VI alikuwa na mabinti wawili. Binti mkubwa, Elizabeth, alikuwa wa kwanza katika foleni ya kiti, lakini hati ilisema mwana. Milki ikakaa kwa mfalme kwa miaka 16.

Ikapata duke kupitia Nyeri. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, Elizabeth na mumewe walikuwa Treetops, hoteli iliyojengwa juu ya mti katika msitu wa Aberdare, wakitazama wanyama wakija kunywa maji. Usiku huo huko Sandringham George VI alifariki usingizini. Elizabeth alipashwa habari baadaye mchana katika nyumba ya Sagana, akiwa tayari malkia kwa saa kadhaa bila kujua. Na kwa kuwa hati ya 1337 haingoji mtu aambiwe, mwanawe Charles, aliyekuwa na miaka 3 na aliyekuwa chini ya paa hilohilo la Sandringham, nyumba iliyonunuliwa kwa akiba ya duke aliyemtangulia, alikuwa ameshakuwa Duke wa Cornwall. Mama alikuwa Kenya, mtoto alikuwa Norfolk, na cheo kilipita baina yao bila hata mmoja kukihisi. Sioni mfano bora zaidi wa jinsi hati hii inavyofanya kazi.

Charles alikishika cheo hicho kwa miaka 70, muda mrefu kuliko duke yeyote aliyemtangulia. Mwaka 1973 alikwenda katika ngome ya Launceston kupokea kodi za kale kutoka kwa wenye mashamba: mbwa wa kuwinda, upinde, glavu, shilingi 100 za fedha, mkuki wa kuvulia samaki, na ratili moja ya pilipili manga. Pilipili katika kodi ya kijiji cha Uingereza si jambo la ajabu kwa anayeijua historia ya biashara ya Bahari ya Hindi. Katika karne ya 14 pilipili ilikuwa mali iliyosafiri mbali, ikabadili mikono mara nyingi, na kulipwa mahali pa fedha.

Kazi yake kubwa, hata hivyo, ilikuwa ujenzi na kilimo. Aligeuza shamba lake la Highgrove liendeshwe bila mbolea na dawa za viwandani katikati ya miaka ya 1980, wakati wakulima wengi walimwona anapotea. Mwaka 1990 alianzisha chapa ya vyakula iliyoanza na biskuti za shayiri. Kisha mwaka 1993 ujenzi ukaanza Poundbury, mtaa mpya pembeni ya mji wa Dorchester uliochorwa na msanifu Léon Krier. Nyumba, maduka, ofisi na viwanda vidogo vimechanganywa, na nyumba za watu wa kipato cha chini zimetawanywa katikati ya nyingine bila alama ya kuzitenga. Wasanifu wengi waliuchukia kwa kuiga mitindo ya zamani. Mimi naona hoja yao ni ya sura za kuta. Mtoto anayeweza kwenda shule na dukani kwa miguu hajali dirisha limeigwa wapi, na Nansledan, mtaa ndugu unaokua karibu na Newquay, umefuata nyayo hizo.

Leo milki ina zaidi ya hekta 50,000, nyingi zikiwa nje ya Cornwall yenyewe. Dartmoor peke yake ni sehemu kubwa, na visiwa vya Scilly karibu vyote ni vyake. Thamani yake imepita pauni bilioni moja, na katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2024 ilimpa duke ziada ya pauni milioni 23.6. Hazina ya Serikali inakagua mauzo na manunuzi makubwa ili shina lisiliwe. Mtu akifa Cornwall bila wosia wala ndugu, mali yake huenda kwa duke, na kinachobaki hupelekwa katika mfuko wa misaada. Kodi ya mapato hulipwa kwa hiari tangu 1993. Milki hailipi kodi ya makampuni. Yapo pia malalamiko ya haki: wakazi wa Scilly na wa kijiji cha Newton St Loe wanaoishi katika nyumba za mkataba hawaruhusiwi kuununua umiliki wa ardhi kama Waingereza wengine wanavyoruhusiwa. Sharti lililoilinda milki kwa karne saba ndilo hilohilo linalomnyima mpangaji wa kisiwani uhakika wa kumwachia mwanawe nyumba.

William ni duke wa 25, tangu tarehe 8 Septemba 2022. Mwaka 2024 milki yake ilitangaza kujenga nyumba 24 huko Nansledan kwa ajili ya watu wasio na makazi. Siku atakapotawala, cheo kitamwangukia mwanawe George. Lakini tangu Machi 2015 sheria ya urithi wa kiti imebadilika, na binti kifungua mimba hapitwi tena na mdogo wake wa kiume. Hati ya 1337 haikubadilishwa pamoja nayo. Akizaliwa binti wa kwanza kwa mfalme ajaye, atakuwa mrithi halali wa taji na hatakuwa Duke wa Cornwall. Sheria ya mwaka 2011 inamhakikishia fedha mrithi asiye duke; ardhi, wapangaji na kazi ya miaka 700 haimpi. Hukumu ya 1606 iliamua kwamba hati hii ni sheria ya Bunge, na yule aliyeiandika kwa ajili ya mtoto wa miaka 6 hakuona aibu kuvunja desturi ya miaka 271 ili mrithi wake awe na kitu mkononi. Bunge lina uwezo wa kufanya hivyo kwa binti, na lina muda wa kutosha kabla ya Machi 2037.